Wabunge wasiharakishe sheria za afya, au kila mwezi wa kusubiri una mgonjwa wake?

Karani wa Vikao (Nairobi)

Wakuu, naomba jambo hili tulijadili kwa kufungua sheria zenyewe, mambo ya vyama tuyaache nje.

Agosti 2023 Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha miswada minne: Bima ya Afya ya Jamii, Afya ya Msingi, Afya ya Kidijitali, na ule wa fedha za kuboresha vituo vya afya. Oktoba 19 mwaka huohuo Rais Ruto akaitia sahihi yote minne. Chini ya miezi miwili, mabunge mawili, sheria nne, na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966, ikawekewa tarehe ya kufungwa.

Angalieni kilichofuata. Novemba 22 sheria ya bima ikaanza kutumika. Novemba 27 Mahakama Kuu ikaisimamisha. Januari 19, 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu iendelee, isipokuwa vifungu vichache. Julai 12 majaji watatu wakatangaza kwamba sheria tatu kati ya hizo nne zinakiuka Katiba, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo, wakalipatia Bunge siku 120 kurekebisha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo. Oktoba 1 SHA, mamlaka mpya ya bima iliyochukua nafasi ya NHIF, ikaanza kazi, ilhali ilikuwa ianze Julai 1.

Kwa hiyo muda haukuokolewa. Ulitolewa bungeni ukapelekwa mahakamani, na huko ulitumika vibaya zaidi, kwa sababu waliotakiwa kusajili watu, kusaini mikataba na hospitali na kujaribu mfumo hawakujua kama sheria wanayoitekeleza itakuwapo wiki inayofuata. Msimamo wangu: mswada wa afya upewe muda zaidi kabla ya kura. Nani ana hoja tofauti?

Zamu ya Usiku (Kisumu)

Mimi ninayo, na naisema kwa heshima. "Wapewe muda" ni neno rahisi kwa mtu asiyelala na mgonjwa wa figo.

Fanya hesabu. Kipindi kimoja cha kusafishwa damu kwa bei ya SHA ya mwisho wa 2024 ni Sh10,650. Mgonjwa akienda mara mbili kwa wiki ni Sh21,300. Wiki nne ni Sh85,200, bila nauli, bila dawa, bila vipimo. Mwenye bima akikatikiwa hata kwa wiki moja, hospitali inamwambia aweke pesa taslimu au arudi nyumbani. Akiruka vipindi viwili maji yanajaa mapafuni, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama. Hakuna "tusubiri kikao kijacho" hapo.

Tena jambo hili halikuanza 2023. Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii wakati Charity Ngilu akiwa waziri, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Desemba 2018 likaja jaribio la afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Miaka karibu ishirini ya kuzungumza. Mkiongeza muda, wanaoutumia vizuri ni wenye pesa za kuwafuata wabunge ofisini. Mama mboga hana muda huo.

Wakili Makupa (Mombasa)

Zamu ya Usiku, hoja yako nzito na sitaipita pembeni. Ila tazama ni nini hasa kilichosimamishwa na mahakama. Amri ya Januari 2024 iliacha vifungu 26(5), 27(4) na 47(3) vikiwa vimezuiwa. Cha 26(5) ndicho kilichotaka mtu athibitishe kuwa amejisajili na michango yake haina deni kabla ya kupata huduma za serikali. Yaani usipolipa bima, milango mingine ya serikali inafungwa pia. Kifungu kama hicho kinagusa mamilioni ya watu wasio na mshahara, na ndicho cha kwanza ambacho wananchi wangekipinga kama wangeulizwa kwa utulivu. Kiliponyoka bungeni kikabeba sheria nzima hadi kortini.

Njia ya mswada wenyewe inajulikana. Unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwa kamati ya afya, kamati inatangaza na kupokea maoni (hapo ndipo Ibara ya 118 ya Katiba, ya kushirikisha umma, inapofanya kazi), unarudi kusomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya Bunge zima, unasomwa mara ya tatu, kisha unavuka Seneti kwa kuwa afya ni kazi ya kaunti pia. Mabunge yakitofautiana kuna kamati ya upatanisho. Rais ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha. Muda ninaoutetea mimi ni wa hatua moja tu, ile ya kamati. Hatua nyingine zote zinaweza kwenda mbio bila hasara kubwa.

Na kuna jambo halisemwi: sheria ya nne, ile inayoruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya badala ya kuzipeleka kwenye hazina ya kaunti, haikuguswa na hukumu ya Julai. Ni fupi, ina lengo moja, na hospitali zilikuwa zimeililia miaka mingi. Miswada minne ilipofungwa pamoja kama mzigo mmoja, ile iliyokuwa tayari na ile isiyoiva zilipewa saa zilezile.

Mizania (Nakuru)

Niingie kwenye pesa, maana hapo ndipo kamati ilipaswa kukaa muda mrefu kuliko popote.

Viwango vya NHIF vya Aprili 2015 vilikwenda kwa ngazi, kuanzia Sh150 hadi Sh1,700 kwa mwezi. SHIF, mfuko mpya ulio chini ya SHA, ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, isipungue Sh300, bila kikomo cha juu, na mwajiri haongezi kitu. Linganisha:

Mshahara 20,000: NHIF 750, SHIF 550.
Mshahara 30,000: 900, sasa 825.
Mshahara 50,000: 1,200, sasa 1,375.
Mshahara 100,000: 1,700, sasa 2,750.
Mshahara 200,000: 1,700 ileile, sasa 5,500.

Mpaka uko karibu na Sh32,700. Chini ya hapo unakatwa pungufu, juu yake unakatwa zaidi. Hilo ni haki, sina ugomvi nalo. Lakini tazama chini kabisa: aliyekuwa akilipwa chini ya Sh6,000 alikatwa Sh150, na sasa anakatwa Sh300. Mtu maskini kuliko wote kwenye orodha ndiye aliyeongezewa mara mbili. Kikao kimoja cha mchana na karatasi moja ya hesabu kingeliona.

Halafu wasio na mshahara. NHIF walilipa Sh500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. SHA kiwango cha chini ni Sh3,600 kwa mwaka, nafuu kubwa kabisa kwa jumla. Tatizo ni kwamba inadaiwa yote kwa mkupuo. Mwendesha bodaboda anapata kila siku na kutumia kila siku, 3,600 za pamoja hana hata kama 300 za mwezi anazo. Na wengi wanapangiwa zaidi ya hiyo, kwa sababu kiwango kinatokana na maswali ya kutathmini uwezo: nyumba ina paa gani, maji mnachota wapi, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Ng'ombe wawili mkoani si pesa taslimu mfukoni. Mpango wa kulipa pole pole kwa mkopo ulikuja 2025, mfumo ukiwa umeshaanza. Hata kodi ilisahaulika: ni Desemba 27, 2024 ndipo marekebisho ya sheria za kodi yaliporuhusu mchango wa SHIF utolewe kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi.

Haya si mambo ya falsafa. Ni mistari miwili mitatu ya marekebisho, ambayo mbunge yeyote angeiweka akiwa na wiki tatu na mhasibu mmoja.

Mwana-Dodoma (Dodoma)

Ndugu zetu wa Kenya, sisi tulipita njia nyingine. Tunaweza kuwaambia muda unanunua nini na hauwezi kununua nini.

Mswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza Septemba 2022. Ulitarajiwa kupita Novemba, ukaahirishwa. Februari 2023 ukaahirishwa tena. Ulipitishwa Novemba 2, 2023. Katikati ya hapo watu walibishana kwa sauti kubwa juu ya bei iliyokuwa ikitajwa, Sh340,000 za Tanzania kwa kaya ya watu sita na Sh84,000 kwa mtu mmoja, wakati CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa Sh30,000 kwa kaya mikoani. Wakabishana pia kuhusu kufungamanisha bima na vitu kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na hati ya kusafiria. Na swali lililorudi kila mara lilikuwa: wasio na uwezo nani atawalipia? Sheria iliyotoka ikataja vyanzo: ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, miamala ya kielektroniki. Huo ni muda uliotumika vizuri.

Lakini kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambayo mfuko unailipa hospitali, haikuwa sehemu ya mjadala wa Bunge. Machi 1, 2024 NHIF yetu ilipoanza kutumia kitita kipya, hospitali binafsi zikasema bei haziwalipi, na wenye kadi wakakataliwa dirishani. Mwaka mzima wa Bunge haukusaidia kwa sababu kitu kilichovunjika hakikuwa mezani.

Mfano mwingine: Toto Afya Kadi, bima ya NHIF yetu kwa watoto. Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kujiunga kwa hiari. Mzazi mwenye watoto wanne anamkatia kadi yule mwenye selimundu au tundu kwenye moyo, watatu wazima anawaacha. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Machi 2023 usajili wa mmoja mmoja ukasitishwa. Ndiyo maana kila mswada wa bima unatakiwa kuja na tathmini ya uhai wa mfuko: wanachama wangapi, wangapi wataumwa, huduma moja ni shilingi ngapi, mfuko utadumu miaka mingapi kwa kiwango hiki na kile. Mbunge asiyepewa karatasi hiyo anapiga kura gizani, apewe wiki mbili au miaka miwili.

Zamu ya Usiku

Mwana-Dodoma, hapo tunakaribiana. Kumbe swali ni muda wa kufanya nini.

Msimbo (Minneapolis)

Niongeze la huku Marekani, kwa sababu linakata pande zote mbili. Sheria ya Obama ya bima ilitiwa sahihi Machi 23, 2010. Tovuti ya kuuzia bima, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013. Miaka mitatu na nusu! Siku ya kwanza watu sita ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Muda ulikuwapo, lakini jaribio la mfumo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho liliachwa hadi wiki za mwisho, na kanuni zilikuwa zikiendelea kubadilika huku mafundi wanaandika programu.

SHA nayo ilianza Oktoba 1, mwaka 2024. Mambo yanayokwama kwenye mfumo wa aina hii yanajulikana kabla:

Idhini kwa namba ya siri ya muda inayotumwa kwenye simu. Mgonjwa amefika hajitambui, simu iko kwa mtoto wake Eldoret, au laini ilishabadilishwa. Karani hawezi kufungua faili.

Wategemezi. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo haonekani chini ya mama yake, kwa hiyo si mwanachama siku anapoletwa na homa ya uti wa mgongo.

Ngazi ya kituo. Leseni inasema Level 2 (ngazi ya zahanati), kituo kina vitanda na kimekuwa kikilaza watu miaka yote. Mfumo unasoma leseni, unakataa dai la kulaza.

Mkataba. Hospitali ilikuwa na mkataba na NHIF, haujahamishwa, jina lake halitokei kwenye orodha.

Hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu wa ng'ambo kuligundua. Chukua kaunti mbili, moja ya mjini na moja kama Turkana ambako mtandao unapotea, endesha mfumo mpya sambamba na wa zamani kwa siku 90, lipa kwa wa zamani, hesabu madai yaliyokataliwa na ule mpya, na kwa nini. Sheria inaweza kuandikwa hivi: "Kifungu hiki kitaanza kutumika baada ya Waziri kuwasilisha bungeni ripoti ya majaribio." Bunge limeweka muda, na muda una kazi.

Rwanda walifanya karibu hivyo kwa mutuelle, bima yao ya afya ya jamii. Majaribio 1999 katika wilaya tatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare. Sheria yenyewe ikaja mwisho wa 2007.

Zamu ya Usiku

Sawa, lakini sheria iseme pia nini kinampata mgonjwa wakati mafundi wanajaribu. Ningeandika kifungu cha mpito chenye mambo matatu. Kwanza, yeyote aliyekuwa na bima hai siku ya mwisho ya mfuko wa zamani anahesabiwa hai kwenye mpya kwa siku 90, amejisajili au hajajisajili. Pili, wa figo, saratani, kisukari cha sindano na wajawazito idhini zao za matibabu zinahama zenyewe, hawaanzi upya. Tatu, deni la mfuko wa zamani kwa hospitali lilipwe kwa tarehe iliyotajwa na kwa fungu la bajeti lililotajwa.

Hilo la tatu ndilo linalowaumiza wagonjwa kimyakimya. NHIF ilifungwa ikidaiwa mabilioni na hospitali. Machi 2025 ndipo Rais aliposema madai yasiyozidi Sh10 milioni yalipwe yote na makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Miezi mitano tangu SHA ianze! Hospitali ndogo isiyolipwa haifungi mlango mara moja. Inaishiwa glovu, halafu maji ya dripu, halafu daktari wa kandarasi anaondoka, na mwishoni inamwambia mwenye bima alipe kwanza atarudishiwa baadaye.

Mizania

Na mwaka wa fedha, ndugu zangu. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. SHIF inajiendesha kwa michango, lakini Mfuko wa Afya ya Msingi na ule wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi vinategemea pesa za Bunge. Ukipitisha sheria Oktoba, bajeti ya mwaka ilishapita Juni, mfuko mpya unasubiri bajeti ya nyongeza. Kwenye saratani, kwa mfano, mpango wa awali ulikuwa Sh400,000 kutoka SHIF, zikiisha Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Mfuko wa pili usipokuwa na pesa, ahadi ya 550,000 ni 400,000 tu. Mswada wenye mfuko wa hazina upitishwe kabla ya Aprili ili uingie kwenye makadirio.

Karani wa Vikao

Basi nipange ratiba, mnikosoe. Mswada unachapishwa Septemba ukiwa na viambatisho vinne: tathmini ya uhai wa mfuko, rasimu ya bei za huduma, rasimu ya kanuni, na jedwali la mpito kama alivyosema Zamu ya Usiku. Kamati inakaa nao siku 60, kati ya hizo 30 za kupokea maoni kaunti zote 47, na muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa nne. Mabunge yote mawili wamalize kufikia Machi. Bajeti Juni. Majaribio Julai hadi Septemba. Kuanza Januari. Ni miezi 16, na kila mwezi una mtu anayewajibika. Ule wa 2023 ulitumia karibu miezi 13 kutoka Baraza la Mawaziri hadi siku ya kuanza, ukiwa na kesi katikati.

Zamu ya Usiku

Miezi 16 naikubali kwa sharti moja: tarehe ya mwisho iwe ndani ya mswada. Kamati isiporipoti siku ya 60, mswada unaendelea kusomwa mara ya pili bila ripoti yake.

Wakili Makupa

Naliunga mkono. Na msisahau kanuni, maana asilimia kubwa ya maisha ya mwanachama iko humo, sheria mama haigusi bei ya kitanda. Kwa Sheria ya Kanuni Ndogo ya 2013, Waziri anatakiwa kuziwasilisha bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinakoma kuwa na nguvu, na Bunge lina uwezo wa kuzibatilisha. Nafasi hiyo ipo tayari, haihitaji sheria mpya. Kanuni za jumla za SHA zilitoka Machi 2024. Watu wakapiga kelele za kulipa mwaka mzima kwa mkupuo Oktoba, walipofika dirishani.

Mgeni Jukwaani

Samahani wakubwa, mimi ni mwanachama tu wa kikundi cha akina mama. Tukitaka maoni yetu yahesabiwe kwenye mswada kama huu tunafanyaje? Tulipeleka kitu kwa ofisi ya eneo bunge na hatukusikia tena.

Wakili Makupa

Dada, ofisi ya eneo bunge haipokei maoni kwa niaba ya kamati. Fanyeni hivi.

Tafuteni tangazo la Karani wa Bunge kwenye magazeti au tovuti ya Bunge. Lina jina la mswada, namba yake na siku ya mwisho. Pakueni mswada wenyewe, msitegemee muhtasari wa redio.

Andikeni kurasa mbili au tatu mkimwelekezea Karani. Juu: jina la kikundi, kaunti, idadi ya wanachama, na mswada mnaouzungumzia. Kisha kwa kila hoja andikeni vitu vinne: namba ya kifungu, kinasema nini sasa, mnataka kisomeke vipi, na sababu. Mfano: "Kifungu cha michango ya wasio na ajira. Sasa: mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kisomeke: mchango wa mwaka, unaoweza kulipwa kwa mwezi, robo mwaka au mwaka kwa hiari ya kaya. Sababu: wanachama wetu 30 wanapata kipato cha kila siku." Kamati inaweza kuinua sentensi hiyo na kuiweka kwenye jedwali la marekebisho kama ilivyo. Malalamiko ya jumla hayana pa kuwekwa.

Ombeni pia kusikilizwa ana kwa ana, na mseme mtazungumza Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Bunge.

Tumeni kwa barua pepe na pia mpeleke nakala kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala yenu yenye muhuri itunzwe na mweka hazina. Kesi ikija, karatasi hiyo inaonyesha kama mlisikilizwa. Ripoti ya kamati ikitoka, fungueni kiambatisho cha maoni mtafute jina la kikundi chenu na jibu la kamati kando yake. Msipoliona, andikeni tena kwa Karani kabla ya mswada kusomwa mara ya pili, mkitaja tarehe iliyo kwenye muhuri.